Nilichomnong'oneza Mtoto Shimoni

Wiki iliyopita niliwaacha pale wifi yangu aliponitobolea kwa nini Florent, seremala wa Ndosho, mwanaume mwenye kazi na akili zake timamu, alikwenda mpaka Butembo kuoa mwanamke aliyeachika. Hakunichukua kwa uzuri. Hakunichukua kwa cherehani yangu, ingawa kushona najua. Alinichukua kwa sababu watu walimhakikishia kwamba mimi, Émérance, sizai.

Mke wake wa kwanza, Sylvie, alikufa akimzaa Joviale. Mtoto akatoka mzima, mama akaishia njiani kabla hawajafika kwa daktari. Florent akaapa kwamba hatazika tena mwanamke kwa sababu ya mimba. Basi akatafuta tasa, na tasa akapatikana.

Wengi mmenitumia ujumbe wa pole. Asanteni. Lakini pole zenu zishikeni kwanza, maana mkimaliza kusoma ya leo huenda mkazitaka zirudi kwenu.

Kabla sijaendelea, shikeni mambo mawili.

La kwanza: siku Florent aliponifikisha nyumbani kwake alinikalisha chini akanionya. Joviale anajua kwamba mama yake alikufa kwa malaria, na ataendelea kujua hivyo. Siku nitakayomwambia ukweli, nifunge virago nirudi Butembo siku hiyohiyo. Nikaapa kwa Bikira Maria.

La pili: wakati wa mambo haya nilikuwa na mimba ya miezi mitatu. Ndiyo, mimi huyo huyo tasa. Kwa mume wa kwanza nilipata mimba mbili, zote nikazitangaza mapema, zote zikatoka, na watu wakanicheka. Safari hii nilifunga mdomo. Tena ningemwambia nini mwanaume aliyenioa kwa sababu tumbo langu ni tupu?

Aliyejua ni Joviale peke yake. Ana miaka tisa, na ndiye aliyekuwa akinimwagia beseni asubuhi nikishatapika. Hakuuliza kitu. Aliangalia beseni, akaangalia tumbo langu, akatoka nje nalo. Nilimwambia anyamaze, akanyamaza. Yule mtoto kwa kunyamaza ni fundi kuliko baba yake kwa mbao.

Sasa tuingie kwenye mambo yenyewe.

Carlos alikuja kwangu kama mteja. Ni mpiga picha wa harusi na komunyo, mtu mwema tu, ila ana ndoto kubwa kuliko kamera yake. Alitaka kutengeneza picha saba za ile hadithi ambayo kila mtoto wa huku amelala nayo: mwanaume aliyefiwa alikwenda mbali kutafuta chumvi, nyuma mke wake wa pili akamzika binti kwenye tuta la maharage. Maharage yakaota. Kila mkono ulipokuja kuchuma, majani yakasema, "Usinichume, mimi nina jina." Baba akarudi, akasikia, akachimba, akamkuta mtoto wake hai na mizizi imemsuka nywele.

Carlos aliitaka hadithi hiyo iwe ya Ndosho ya leo. Binti avae sare ya shule. Mama wa kambo avae kitenge cha gharama, simu sikioni. Badala ya mitungi, bidoni za njano. Picha zitundikwe ukutani huko mjini, wakubwa wazipitie na glasi mkononi. Mimi kazi yangu ilikuwa kushona gauni la majani ya maharage, la picha ya mwisho.

Siku alipokuja kuleta vitambaa akaona tuta letu.

Asiyeijua Ndosho ajue kwamba huku ukichimba hupati udongo, unapata lile jiwe jeusi la volkano. Lakini Florent ni mtu wa Masisi, hawezi kulala bila kuona kitu kinaota. Alileta udongo kutoka Sake gunia kwa gunia, juu ya chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao, akaumwaga nyuma ya nyumba, akauzungushia mawe, akapanda maharage. Tuta refu kuliko mtu mzima, udongo wake unafika magotini. Carlos alisimama mbele yake akavua kofia.

Wakati amesimama hivyo, Joviale akaingia na bidoni ya maji. Carlos akamtazama shingo, akatazama tuta, akasema amemaliza kutafuta.

Aliyekosekana ni mama wa kambo. Wanawake watatu wa mtaani walikubali, na wote watatu wakatoroka waliposikia kwamba watamwagia mtoto udongo. Hakuna mwanamke wa Ndosho anayetaka kuonekana hivyo, hata kwa mchezo. Ndipo Carlos akanigeukia mimi. Akasema sura ninayo. Alilisema kama sifa, mjinga yule.

Nikakubali. Asiye na mwana aeleke jiwe, na hapa Goma mawe hayajapungua, lakini mimi nilikuwa nimechoka kueleka jiwe. Nilitaka angalau mara moja nionekane kwenye picha na mtoto.

Florent alinung'unika. Carlos akamwahidi picha moja kubwa ya binti yake, fremu achonge mwenyewe, naye akalainika. Siku yenyewe alikwenda Katindo kufunga milango ya mteja, akatuacha.

Tulianza asubuhi. Jirani yangu Julienne alishika karatasi ya kung'aza inayorudisha jua usoni. Picha ya kwanza hadi ya tano zilitoka bila shida. Mimi na simu sikioni. Mimi na koleo. Joviale akifuata nyuma yangu na sufuria ya chumvi. Nilianza hata kufurahi. Carlos aliniambia nizaliwe upya niwe mwigizaji.

Ya sita ndiyo ilikuwa ya kuzika. Tukachimba katikati ya tuta mpaka tukafika jiwe, tukamlaza Joviale na sare yake, tukamfunika udongo mpaka kidevuni. Maharage tuliyoyang'oa tukayapanga kuzunguka kichwa chake.

Julienne akamtania. Akamuuliza anasikiaje kuzikwa na mama yake.

Joviale akamjibu taratibu, bila hasira, kama mtu anayemsahihisha mwenzake.

"Huyu haiko mama yangu. Iko bibi ya papa."

Wakacheka. Na mimi nikacheka, na koleo langu mkononi.

Ndugu zangu, miaka mitatu. Nilikuwa nimemwogesha, nimemsuka, nimekesha naye akiwa na homa. Gauni lake la komunyo nililishona mimi, lulu mojamoja kwa sindano. Nilikuwa ninamwachia mnofu ninabaki na mfupa. Na malipo yake ni bibi ya papa, mke wa baba tu, mbele za watu, mimi nimevaa kitenge cha kuazima.

Carlos akaanza kupiga. Hakuridhika. Uso wa mtoto ulikuwa mkavu. Akambembeleza akumbuke jambo la huzuni; Joviale akajibu kwamba anakumbuka, na uso ukabaki mkavu. Julienne akaleta kitunguu. Macho yakawa mekundu, lakini Carlos akasema machozi ya kitunguu yanajulikana, hata ng'ombe angejua. Jua likaanza kuupita ukuta. Akanivuta pembeni.

"Mama Émérance, mutoto anakujua weye. Umuambie kitu ya kumugusa. Bila machozi, hii picha imekufa."

Hapa wengine wangeandika kwamba shetani aliwaingia. Shetani hakuwepo siku hiyo. Nilikuwepo mimi, na maneno ya mtoto yakinichoma kifuani.

Nikapiga magoti. Mkono wa kushoto nikauweka juu ya udongo, pale kifuani pake. Nikainama sikioni.

"Mama yako hakukufa na malaria," nikamwambia. "Alikufa juu ya kukuzaa. Weye njo ulimuua. Papa anajuaka, njo maana hakuangaliake mu macho kutoka siku yenye ulizaliwa."

Ndivyo nilivyosema. Sikuongeza wala sipunguzi leo.

Hakupiga kelele. Macho yalifunguka, makubwa, yakakaa wazi. Kisha maji yakatoka jicho moja, yakateremka polepole mpaka ndani ya sikio lile lile nililokuwa nimetoka kulisemea. Kamera ikalia, ikalia, ikalia. Carlos alinishukuru.

Na mimi, niseme yote, nilijisikia vizuri. Haikudumu. Ilikuwa kama mtu anayejikuna kidonda. Lakini nilijisikia vizuri.

Nilimfukua kwa mikono yangu. Nilikuwa nasema maneno mengi upesi upesi: ule ulikuwa mchezo, nilitunga tu, ilikuwa kwa ajili ya picha, asimwambie papa. Joviale akasimama. Akakung'uta sare yake, mbele na nyuma, akatoa udongo kwenye sikio kwa kidole.

"Ndiyo, mama," akasema.

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo.

Kuanzia hapo haikukatika. Mama, maji yamechemka. Mama, ninakwenda shule. Mama, beseni. Florent alipolisikia aliweka randa chini, akaja mpaka jikoni kuhakikisha. Jioni akaleta nyama. Aliniambia kwamba alikuwa anaomba neno hilo kila Jumapili kanisani, na kwamba picha za Carlos zina baraka. Nikaila ile nyama. Nawaambia, haikuwa na ladha ya kitu chochote.

Maana mimi nilikuwa nasikia jinsi anavyolisema. Hakulisema kama anayeita. Alilisema kama anayegonga msumari mmoja kila siku, bila haraka, ubao ni wake na nyundo ni yake.

Carlos alituomba shimo tuliache wazi. Alitaka maharage yanyanyuke kidogo baada ya mvua ndipo apige picha ya saba. Likabaki hivyo nyuma ya nyumba, lenye umbo la mtoto.

Picha ya sita haikungoja maonyesho. Julienne aliombwa kuitunza kwenye simu yake. Kwa Julienne kutunza maana yake ni kumtumia kila mtu. Siku mbili Ndosho nzima ilikuwa nayo. Na ilikuwa picha nzuri, laana yake. Udongo, yale macho, chozi, na mdomo wangu sikioni mwa mtoto.

Wote wakauliza swali moja. Mwuza makaa aliuliza. Motari aliyenibeba kwenda sokoni aliuliza huku anaendesha. Baada ya misa, mwanamke nisiyemjua alinishika mkono akauliza: ulimwambia nini?

Uongo mmoja ungenitosha. Mimi nilitoa mwingi. Julienne nilimwambia nilimwimbia wimbo wa mazishi. Mwuza makaa nikamwambia nilimtisha na fimbo. Florent aliponiuliza, nikasema nilimkumbusha mbuzi wake aliyekufa mwaka jana. Aliishika simu kwa muda mrefu, akaisogeza karibu na macho, kisha akanirudishia.

Picha ikatembea mpaka Kiwanja.

Kiwanja yuko Nshobole, mama yake Sylvie. Koko yake Joviale. Mtu wa kimo kifupi, sauti yake haipandi, na sijawahi kuona mtu akimkata kauli. Mjukuu wake mwingine alimwonyesha picha sokoni bila maelezo, na yule mama akaona mtoto wa marehemu binti yake na udongo mpaka kidevuni. Akaanguka juu ya ndizi za watu.

Florent alimpigia simu akamwapia kwamba mtoto yu hai. Akampa Joviale simu, wakaongea. Tukadhani yameisha. Kumbe alibakiza swali moja: na shimo, nani alilifunga?

Hakuna aliyekuwa amelifunga.

Kesho yake saa tano alishuka kwenye gari. Nyuma yake chukudu, na juu ya chukudu shina la mgomba, bichi, limefungwa kamba. Alilileta kutoka kwake kwa sababu, alisema, ndizi za Goma zinaota juu ya mawe na hazimdanganyi mtu, sembuse udongo.

Hakuingia ndani. Alimshika Joviale shingo kwa mikono miwili, akaipapasa pale udongo ulipofika, akapita moja kwa moja nyuma ya nyumba. Akalitazama shimo. Akaomba sare ya zamani ya mtoto. Kisha akaagiza kila aliyekuwepo siku ile aitwe.

Carlos alifika na kamera begani. Koko akamwambia aiache mlangoni, akaiacha. Julienne alikuja na kanga ya kanisani. Florent akasimama na koleo. Nshobole alilivika lile shina shati la shule la Joviale, akafunga vifungo vyote mpaka cha juu, akalilaza shimoni.

"Udongo wenye ulifunguliwa juu ya mutu haufungwake mikono mutupu," akasema. "Na maneno yenye ilisemwa hapa, kila mutu ataisema tena, vile vile. Tutaifunika nayo. Neno lenye litabaki mu kinywa, udongo utakuya kulitafuta mu nyumba."

Akaongeza, bila kupandisha sauti, kwamba maneno yakikosa kutimia anaondoka na mjukuu wake kwa gari la saa tisa. Florent alitazama chini. Alikuwa hawezi kumkatalia. Yule mama alimpa binti mzima akarudishiwa maiti.

Fikirieni pale niliposimama. Nikisema kweli, Florent ananirudisha Butembo na tumbo langu. Nikificha na ikajulikana, mtoto anakwenda Kiwanja na mimi ndiye nitakuwa nimemfukuza. Jua la saa sita lilikuwa kichwani.

Carlos akaanza. Mwanaume mzima, kofia mkononi, akaliinamia shina la mgomba lililovaa shati akaliambia liinue kidevu, lisifumbe macho, lilie kidogo. Siku nyingine ningecheka mpaka nikojoe. Koko akatupa konzi ya udongo.

Julienne akasema utani wake. Alilia akiusema, akaomba msamaha, akaambiwa msamaha haukusemwa siku ile. Konzi nyingine.

Joviale akaitwa. Akasogea mpaka ukingoni.

"Huyu haiko mama yangu," akaliambia shimo. "Iko bibi ya papa."

Florent akashtuka kama aliyepigwa. Alinitazama, na kwa mara ya kwanza tangu anioe niliona ananihurumia. Hilo ndilo lililonimaliza. Ningeweza kuvumilia hasira yake.

"Na weye," koko akaniambia.

Nikapiga magoti pale pale nilipopiga siku ile. Shati lilikuwa na doa la wino mfukoni, nalikumbuka, nililifua mara nyingi likakataa kutoka. Nikafungua mdomo. Ukweli ulikuwa umekaa mbele kabisa, karibu na meno. Nikaumeza.

"Nilimuambia aniite mama," nikasema.

Kisha Florent, polepole, kama mtu anayepima ubao:

"Miye uliniambia ni mbuzi."

Julienne akasema yeye aliambiwa wimbo. Hakusema kwa ubaya. Ni mdomo wake tu, haujui kukaa nyumbani. Nshobole hakuniangalia. Alikuwa anamwangalia Joviale. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa imeishia kwa mtoto wa miaka tisa.

"Joviale," koko akamwita. "Ni vile alikuambia?"

Yule mtoto alikuwa na maisha yangu mkononi na alijua. Alinitazama, kwanza usoni, halafu chini, hapa nilipofunga kitenge. Alichukua muda wake wote.

"Ndiyo, koko," akasema. "Aliniambia nimuite mama. Na kutoka ile siku niko namuita mama."

Nshobole akamtazama kwa kitambo. Mwisho akachota udongo, akatupa. Florent akaanza kufukia, na jinsi alivyofukia mtu angedhani anapanda. Alipofika kwangu akaniwekea mkono begani. Carlos akapangusa jasho. Julienne akasema Mungu ni mkubwa. Mimi nilibaki nimepiga magoti, nimeokoka, nikitazama kifungo cha juu cha shati kikipotea. Neno langu halikuwa mle. Mimi na Joviale tulijua.

Kinachofuata ni kunawa. Atokaye kuzika ananawa, hata kama amezika mgomba. Koko alinawa wa kwanza, akasogea pembeni kujipangusa. Wengine wakafuata. Mimi nilikuwa wa mwisho.

Joviale ndiye aliyeshika jagi. Beseni ni lile lile la asubuhi.

Nikachuchumaa, nikanyoosha mikono. Akaanza kunimwagia maji kidogo kidogo, vizuri, kama nilivyomfundisha. Nilitaka kumwambia asante. Nilitaka kumwambia mengine pia, lakini baba yake alikuwa hatua tano, anasafisha koleo. Nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba amenisaidia na sitasahau.

Aliinama. Mkono wake mmoja, wenye maji, ukaja ukatua juu ya tumbo langu, na mdomo wake ukaja sikioni mwangu, sikio la kushoto, kama mimi nilivyomfanyia.

"Mama," akaninong'oneza, "na huyu wa mu tumbo, naye atakuua siku atazaliwa?"

Nimeirudia sauti ile usiku na mchana. Mpaka leo sijui kama aliuliza kwa sababu anaogopa, au kwa sababu anasubiri.

Koleo likaacha kukwaruza.

"Joviale," Florent akasema nyuma yetu, "uko unamuambia nini?"

Swali lile lile. Koko naye aliacha kujipangusa, akageuka, na macho yake yakashuka mpaka pale mkono wa mtoto ulipokuwa umelala juu ya tumbo langu.

Joviale hakuuondoa. Alimtazama baba yake usoni, akanitazama mimi, akainua jagi.

"Mama atakuambia," akasema, akanimwagia maji yaliyobaki.